Jike wa Koo Jeusi

Kindu, tarehe 12 Aprili 1953

Yaya Euphrasie, dada yangu mkubwa,

Usiisome barua hii umesimama. Weka mchi chini, kaa, kisha soma, maana mdogo wako Jérôme amepata bahati ambayo hata wenye baiskeli mpya hapa Kindu hawajaiota. Mkono huu ninaoshikia kalamu, ule ule uliokuwa ukiupiga kwa mwiko juu ya karanga nilizoiba, umeokota kitu ambacho hakuna mkono mwingine umekiokota katika Kongo nzima. Na mimi niliyefika Stanleyville mara mbili, nikisema Kongo nzima najua ninachosema.

Sasa salamu. Claire anakusalimu sana. Tumbo lake linakua na hasira zake pia. Anasema nguo zangu zinanuka dawa ya ndege mpaka mbu hawaingii nyumbani, nimemwambia ashukuru. Watoto wako wote wazima? Albertine bado anakohoa? Kwa mkono wa Abedi, dereva wa kamyo, nakupelekea sabuni mbili na chumvi. Ukiona sabuni moja tu, mwulize Abedi mbona shati lake leo jeupe.

Haya, sikia. Muzungu wangu unamjua, alilala kwenu mwezi wa kwanza na nyavu zake. Jina lake la kweli ukilitaja ni kama unakohoa, kwa hiyo sisi tunamwita Bwana Pamba, juu ya kazi yenyewe: ndege akifa tunamvua ngozi, tunaipaka dawa, tunaijaza pamba, tunashona, tunamfunga etiketi mguuni, naye anakaa hivyo miaka mia bila kulalamika. Etiketi inasema alikamatwa wapi, siku gani, ni dume au jike, ni mtoto au mzima. Na hayo ya mwisho njo kazi yangu mimi.

Watu wanadhani dume na jike unawajua kwa manyoya. Manyoya yanadanganya, Yaya! Ngozi ikishatoka, unachukua mwili, unapasua upande wa kushoto, unasogeza utumbo, unatazama karibu na figo. Ukiona punje mbili kama mchele, dume. Ukiona kishada kama mayai ya samaki, jike. Umri unausoma kichwani, maana fuvu linabaki ndani ya ngozi: fuvu la ndege mtoto lina mahali pembamba panapopitisha mwanga, kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta, la ndege mzima limejaa vidoti vyeupe. Haya nayajua mimi wa darasa la tatu. Kuna madaktari hawayajui.

Kati ya ndege thelathini na mmoja niliowakamata kwenye migomba yako, mmoja alikuwa wa wale wadogo wanaonyonya maua, wenye mdomo uliopinda kama sindano ya gunia. Mwili rangi ya jani linalonyauka, koo jeusi kama amechovya kidevu kwenye wino. Niliandika: jike, mzima. Sasa Bwana Pamba amefungua vitabu vyake majuma matatu. Majike wa ukoo ule wote wana koo jeupe. Jike wa koo jeusi hayumo kitabuni, hayumo Ubelgiji, hayumo popote. Akaniita.

"Jérôme, uko na hakika ni jike? Na ni mzima?"

"Bwana, nilimupasua kwa mukono huu, nikaona kwa macho haya."

Akasimama. Akanipa mkono! Mbele ya kuki wa jikoni! Kuki akaunguza mchuzi.

Bwana ataandika habari hii, itapelekwa Ulaya kwa ndege ile nyingine, ile ya chuma, na kindege chetu kitapewa jina kitabuni. Nimemdokeza kwamba Jérôme ni jina zuri kwa ndege. Hakucheka, ndiyo kusema anafikiri.

Jambo dogo la mwisho: aliniuliza mahali hasa. Nikamchorea kijito, migomba, na nyumba yako na moshi unatoka. Anasema ndege anayeonekana mahali pamoja tu duniani lazima alindwe. Jitayarishe, Yaya, Leta, watu wa serikali, watakuja kukusalimu.

Mdogo wako Jérôme, anayepewa mkono na wazungu


Kailo, tarehe 9 Mei 1953

Jérôme mdogo wangu,

Barua yako ilikaa siku kumi ng'ambo kwa sababu pantoni iliharibika kamba, na Abedi akakaa nayo mfukoni pamoja na tumbaku, hata imebadilika rangi. Sabuni zimefika zote mbili. Aksanti. Albertine amepona kikohozi, sasa ana upele. Mbuzi mwekundu amezaa. Mzee wa Claire alipita hapa kwenda Kampene, anawasalimu. Mwambie Claire asinyanyue maji mwenyewe.

Ulisema Leta watakuja kunisalimu. Wamekuja.

Walikuja watu watatu na kapita wetu Masudi, yule msimamizi wa mashamba ya Leta. Walikata vijiti, wakavipaka chokaa, wakavichomeka kuanzia kijito mpaka juu kwenye mawe, wakazunguka nyuma ya migomba. Nilidhani wanapima barabara. Walipomaliza, Masudi akasoma karatasi: ndani ya vijiti hakuna kukata mti, hakuna kuchoma, hakuna kulima, hakuna kutega, mpaka Leta waseme vingine.

Jérôme, ndani ya vijiti ni shamba langu. Lile la huku limechoka, mwaka jana lilinipa mpunga wa kulisha kuku tu. Lile la kijito ndilo nililoliacha lipumzike miaka sita, tangu baba yao Albertine yuko hai, ili mwaka huu nilifyeke.

Nikamwuliza Masudi, "Na mupunga wa Leta nitapanda wapi?"

"Kwenye shamba lako, mama."

"Shamba langu iko ndani ya vijiti."

"Ndani ya vijiti hakuna kuingia."

"Sasa?"

"Sasa panda."

"Masudi, unasikia maneno unayosema?"

"Mama Euphrasie, mimi ninasoma karatasi mbili. Moja inasema upande, moja inasema usiingie. Hakuna karatasi ya tatu."

Unajua mambo ya huku. Mwezi wa tisa wanapita kuangalia. Asiye na mpunga ardhini anaandikwa, na aliyeandikwa anakwenda kulala gerezani Kindu. Mwaka jana walimchukua mama Ndaya siku kumi na tano akiwa ananyonyesha. Mimi nina watoto wanne na sina mume wa kubaki nao.

Kuhusu yule ndege. Hao wenye koo jeusi mimi nawajua, na wewe ungewajua kama utotoni ungekaa kimya hata mara moja. Kuna miezi wapo wengi, kuna miezi hawapo, lakini wale wa kung'aa na wale wa koo jeupe wapo siku zote. Mimi nadhani wale weusi wa koo ni watoto tu. Ulimwona vizuri huyo uliyempasua? Mwambie Bwana wako aulize kwanza kabla ya kufunga shamba la watu.

Dada yako,
Euphrasie


Kindu, tarehe 25 Mei 1953

Yaya mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga wa Lualaba kiangazi. Claire hajanyanyua maji tangu barua yako; nanyanyua mimi, na majirani wanakuja kutazama kama sinema. Upele wa Albertine upake mawese na majivu. Mbuzi aliyezaliwa mpe jina langu, hasa kama ana kelele.

Vijiti usiviogope. Kijiti ni kijiti. Mimi nakula nyumba moja na mwenye vijiti, au tuseme yeye anakula ndani na mimi nakula nyuma, lakini sufuria ni moja. Nitazungumza naye. Nangoja siku atakapokuwa na moyo mweupe, maana siku hizi ana moyo wa karatasi: anaandika, anafuta, anaandika. Mpaka mwezi wa tisa ni mbali. Mtoto wangu atakuwa amezaliwa kabla ya hapo, naye atakuwa ameanza kuvuta sigara.

Lakini hilo la watoto, Yaya, hapana. Hapo umeingia kwenye kazi ya watu. Wewe unawaona kwa mbali, kwenye jani, huku mwiko mkononi. Mimi namshika mezani, chini ya taa, na kioo cha kukuzia. Nikwambie nini? Kuna ndege ambao jike ni mzuri kuliko dume, kuna ambao mtoto anafanana na mama mpaka siku ya kuoa. Mtu anaweza kupotea humo miaka mitatu. Ndiyo maana Bwana Pamba alisema siku ya kwanza ya kazi: rangi ni maoni, tumbo ni ushahidi. Nililiandika ukutani.

Juzi aliniuliza tena, eti kwenye etiketi sikuandika habari za fuvu. Niliandika mzima, basi, fuvu la nini? Akasema, "Lakini uliliona?" Nikasema niliona. Akaandika. Kisha akakaa ananitazama, na mimi nikaanza kufagia, na unajua mimi sifagii.

Umeniuliza kama nilimwona vizuri. Yaya, hivi wewe unaweza kumwuliza mshona viatu kama aliona mguu? Tuyaache hayo. Nakupelekea kitambaa cha Albertine, cha rangi nyekundu, wanachovaa watoto wa wakubwa huku.

Jérôme wako


Kailo, tarehe 19 Julai 1953

Jérôme,

Tumepata habari kwa Abedi kwamba Claire amejifungua msichana, na kwamba umempa jina langu. Nilikaa chini nikalia kidogo. Mpe Claire supu ya samaki na pilipili, usimpe maneno. Hapa sote tunaendelea. Kiangazi kimeingia, kila mtu anafyeka, unasikia mapanga kila upande isipokuwa kwangu.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na kazi, nayo ni hii.

Siku ile kitambaa chako kilipofika, kulikuwa na kiota kwenye jani la mgomba ulio karibu na jiko, nje ya vijiti. Kinaning'inia kama mfuko. Mama ni wa koo jeupe, baba ni yule wa kung'aa kijani. Wawili hao hakuna mtu wa Kailo asiyewajua. Ndani kulikuwa na watoto wawili. Nilingoja mama atoke, nikawashika mmoja mmoja. Kitambaa chekundu ulichompelekea Albertine nilikitoa nyuzi, nikamfunga kila mmoja uzi mguuni, si wa kubana. Midomo yao pembeni ilikuwa laini na ya njano, kama mtu aliyekula embe bila kunawa.

Mmoja sikumwona tena. Wa pili alitoka kiotani, nikawa namwona kila asubuhi. Mwanzoni koo lake lilikuwa la kijivu tu. Baada ya majuma mawili hivi koo likawa jeusi. Jeusi kabisa, Jérôme, kama ulivyoandika, kama wino. Na bado mama yake alikuwa akimlisha! Anatetemesha mabawa, anafungua mdomo, mama anatia. Nilimwita mama Ndaya ashuhudie, akaona uzi, akaona koo, akaona mama anatia.

Niliendelea kumtazama. Sasa juma hili begani na kifuani ametoka manyoya ya kijani ya kung'aa, machache, kama shati lenye viraka. Kwa hiyo si jike. Ni kijana wa kiume anayebadili nguo. Mwezi mmoja bado, na koo jeusi litakwisha.

Haya nimeyaandika kwa tarehe kwenye karatasi ya pili. Mpe Bwana wako asome. Masista walinifundisha kuandika vizuri, ataelewa.

Na wewe nakuuliza, kwa sababu nilikuuliza ukanijibu habari za mshona viatu. Yule wa kwangu ana uzi. Yule wa kwako ana etiketi. Uzi nimeufunga mimi nikiwa nimemshika. Etiketi uliiandika wewe ukiwa umeona nini? Uliangalia tumboni? Andika ndiyo au hapana, ni neno moja.

Masudi amepita leo. Amesema juma la tatu la mwezi wa tisa.

Euphrasie


Kindu, tarehe 3 Agosti 1953

Yaya wangu,

Mtoto wetu mwenye jina lako anakusalimu kwa sauti. Ana sauti ya treni ikiingia stasheni. Claire ana nguvu, anakula samaki, na amenisifu mara moja, siku ya Jumatano. Nampenda huyu mtoto mpaka nasahau kujisifu, fikiri basi.

Karatasi yako nilimpa Bwana Pamba mkononi. Niliiweka juu ya meza yake nikasema, "Bwana, dada yangu iko na macho kuliko nyavu zako zote." Hilo nilisema kweli, kuki ni shahidi. Alisoma mara mbili. Alivua miwani. Akasema mwanamke aliyeandika haya angepaswa kuwa na kazi nyumbani humu. Nikajivuna mpaka vifungo vikalia.

Kisha akasema, "Lakini huyu wa dada yako ni ndege mwingine."

"Ginsi gani, Bwana?"

"Wake ni kijana dume wa ile aina ya kawaida. Nami nakubali, kijana wa kawaida ana koo jeusi. Lakini wetu ni jike, na ni mzima. Wewe umeona mayai tumboni. Umeona fuvu. Basi hawezi kuwa kijana dume. Karatasi ya dada yako inanisaidia: inaonyesha kwamba wetu ni wa peke yake, anaishi katikati ya wale wa kawaida na hakuna aliyemtambua."

Unaona, Yaya? Ulimletea jiwe la kubomolea ukuta, akalijengea. Kila kitu anakirudisha kwenye ile etiketi. Anaishika kwa vidole viwili kama mtu anayebeba Sakramenti. Habari imeshapigwa mashine, kurasa tisa. Itaondoka mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, akishamaliza kuchora picha. Ikishaondoka, Leta wataweka kibao cha chuma badala ya vijiti.

Sasa sikiliza, nimefikiri. Njoo Kindu. Njoo na watoto wote wanne, na mbuzi. Claire ameshatoa masanduku kwenye chumba cha nyuma. Mimi nitalala ukumbini na ndege. Nimesema na Abedi, atawabeba bure, ana deni langu la shati. Kindu hakuna mpunga wa Leta, hakuna Masudi. Watoto watasoma. Sitanii. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sitanii.

Swali lako nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi. Wino unaniishia.

Jérôme


Kailo, tarehe 17 Agosti 1953

Jérôme,

Sote wazima.

Masudi ameandika jina langu. Anasema ni kwa kalamu ya risasi bado, mwezi wa tisa atapita na wino. Aliona aibu, alinipa ndizi.

Siji Kindu. Nikiondoka hapa shamba linakwenda, na nikirudi nitakuwa mgeni wa kuomba mahali. Baba yao aliling'oa visiki kwa mikono yake. Na nikibaki nitakwenda Kindu vilevile, ila si chumba chako cha nyuma. Albertine ana miaka kumi na mmoja, nimeanza kumfundisha kupika kwa watu wanne. Hajauliza kwa nini. Jana alipika sufuria ndogo, akabakiza kijiko kimoja cha unga kwenye kinu bila kukiona, nikakiona mimi.

Wewe ukiwa na neno la kweli huwa unaandika kifupi. Nimezipanga barua zako zote tatu kitandani. Zote ni ndefu.

Sikuulizi ili nikuseme. Wewe njo mtu pekee ambaye Bwana yule anamsikiliza kuhusu ndege yule. Mimi nina uzi, nina tarehe, nina mama Ndaya, na vyote havitoshi mbele ya neno lako moja. Basi liseme neno lenyewe, lolote lile. Kama uliona mayai, niambie uliona mayai, nitakwenda gerezani nikijua ni kwa ajili ya ndege wa kweli.

Abedi anangoja nimalize. Nimemaliza.

Euphrasie


Kindu, tarehe 6 Septemba 1953

Yaya,

Abedi amebeba barua mbili. Moja ni hii. Nyingine ina muhuri, ni ya mkubwa wa Leta wa Kailo, nayo inasema vijiti ving'olewe. Nimeona inavyopigwa mashine, nimeona inatiwa sahihi, nimelamba stempu mwenyewe. Nimemwambia Abedi asipoifikisha kesho, nitamvua ngozi na kumjaza pamba. Usingoje kusikia Masudi akisoma. Ukishaisikia kamyo, chukua panga uingie. Majani ni makavu, choma upesi, mpunga wa haraka unaweza kuwahi kuingia ardhini kabla ya juma la tatu. Nakuletea mbegu gunia moja. Claire ameongeza maharage na shali ya mtoto aliyoikataa.

Claire hajambo, mtoto hajambo. Mimi sipo tena nyumbani kwa Bwana Pamba. Usishtuke. Sasa nabeba magunia stasheni, na mgongo wangu, ambao ulikuwa mgongo wa bwana mkubwa, umeanza kujifunza. Wenzangu wananiita Daktari. Nimewaambia waongeze Profesa.

Najua unataka kujua ilivyokuwa. Habari ilikuwa tayari imetiwa kwenye bahasha, picha zimechorwa, ndege wa chuma wa Jumanne. Jumatatu asubuhi nilisimama mlangoni mwa Bwana. Nilikuwa na barua yako mfukoni, ile fupi. Nilikuwa nimetayarisha maneno kumi na saba mazuri: kwamba etiketi zililoa mvua, kwamba zilichanganyika, kwamba kuki alipiga kelele wakati naandika. Nikamwona ameweka ndege wetu juu ya kitambaa cheupe, anamsafisha mdomo kwa brashi ya manyoya, kama mtu anayemtayarisha bibi arusi. Maneno kumi na sita yakakimbia. Nikasema lililobaki.

"Bwana, hiyo etiketi si ya kuaminiwa."

"Ni mwandiko wako."

"Njo maana, Bwana."

Akaniuliza yale uliyoniuliza, na mimi nikajibu. Hakunipiga, Yaya. Ningependa angenipiga. Alichukua kitambaa kibichi, akamfunika ndege kichwani, tukangoja ngozi ilainike, tumekaa wawili kama watu msibani. Ilipolainika akaisogeza nyuma kwa kibanio, akalitazama fuvu kwa kioo, kisha akanipa kioo mimi. Lilikuwa linapitisha mwanga. Mahali pawili pakubwa, kila upande. Mtoto! Mtoto wa miezi michache, kama ulivyosema toka mwezi wa tano. Angeweza kulitazama tangu Februari, lakini ngozi ikilowekwa inaharibika, na yeye aliamini neno langu.

Alitoa kurasa tisa kwenye bahasha. Hakuzichana. Alizipindua akaandika upande wa nyuma barua ya kwenda kwa Leta, ile aliyoibeba Abedi, kisha akampa karani aipige mashine. Akaniambia niache koti la kazi. Nilipofika mlangoni akasema, "Mwambie dada yako kijana wa kawaida wa koo jeusi ataandikwa kwa tarehe zake yeye." Sikuelewa vizuri, lakini nadhani ni heshima. Ichukue, ni yako.

Sasa najua bado unangoja. Umengoja tangu Mei, na mimi nimeshaandika ukurasa mzima wa magunia na shali. Barua hii nayo imekuwa ndefu, naona. Ngoja niifupishe.

Siku ile kwenu Kailo nilivua ngozi ndege thelathini na mmoja kuanzia asubuhi. Miili tunaiweka kwenye bakuli, kila mwili na namba yake, na haiendi jikoni mpaka imepasuliwa na kuandikwa. Niliandika ishirini na nne. Wewe ulikuwa umetutilia sombe, yale majani yako ya muhogo, sufuria kubwa, inanukia mawese mpaka mezani, na watu wa kijiji wamejaa kunitazama, nami nawaelezea habari za Stanleyville. Bwana alikuwa amelala na homa. Etiketi tupu hazitaki, alikwisha kunionya mara mbili. Ya tatu, alisema, narudi kwetu.

Ile barua ya Aprili ni uongo, Yaya. Sikumpasua. Sikuona mayai, sikuona fuvu, sikuona kitu. Nilimtia kwenye sombe na wengine sita, tukala, kisha nikaandika jike kwa sababu hakuwa anang'aa, na mzima kwa sababu ndilo neno lililokuwa limeandikwa kwenye etiketi ya juu yake.

Jérôme